Skrubu Mbili Chini ya Bunduki

Leo nataka tuzungumze juu ya skrubu mbili. Wengi wenu hamjapata kuziona, na hata wenye bunduki za kuwindia, baadhi yao wamekaa nazo miaka na miaka bila kuzitazama, kwa sababu zimejificha tumboni mwa bunduki: moja mbele ya kisanduku cha risasi, nyingine nyuma ya triga. Ukiilaza bunduki mezani kwa kawaida yake, huzioni. Lazima uigeuze.

Mimi ni fundi wa mbao. Niliingia katika kazi ya vitako vya bunduki kwa kufundishwa na mzee mmoja wa Arusha, ambaye naye alifundishwa na wengine, enzi ambazo mji ule ulikuwa njia panda ya wawindaji wa kila taifa. Kwa hiyo ninayoyasema nayasema kwa upande wa mti, maana ndio ninaoujua. Chuma kina wasemaji wengi. Mti hauna.

Basi mwaka mmoja, mvua za vuli zikiwa zimeshika, alikuja karakana mwindaji mmoja mwenye leseni yake, mtu mzima, mwenye adabu. Akaweka mezani bunduki ya .404, mtambo wa Mauser, iliyojengwa London kabla baba yangu hajazaliwa. Ni aina iliyopendwa sana na idara za wanyamapori za Tanganyika na Kenya, kwa sababu ilikuwa na nguvu ya kumwangusha tembo mharibifu wa mashamba na bei yake haikuwa ya kifalme. Akaniambia, "Fundi, bunduki hii imenivunjia imani." Nikamwuliza imefanya nini. Akakaa kimya kwanza. Kisha akasema alimpiga nyati, hatua mia hivi, akiwa ametulia, mtutu umeegemezwa kwenye kigingi, bega la mnyama liko wazi. Risasi ikaenda shibri nzima nyuma ya alipolenga. Nyati akaingia kichakani na risasi tumboni.

Mnaojua pori mnajua kinachofuata. Mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Sheria inakataa, na utu unakataa kabla ya sheria. Lakini anayetangulia kwenye damu si mwenye bunduki. Anayetangulia ni msoma nyayo. Anainama, macho yake yako ardhini, anatafuta tone kwenye jani, jiwe lililogeuzwa, na mikononi hana kitu ila fimbo ya kuonyeshea. Mwenye bunduki yuko nyuma yake. Siku ile msoma nyayo alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, na nyati alikuwa amezunguka akawasubiri pembeni mwa njia yake mwenyewe, kama ilivyo tabia yake. Mzee alipigwa pembe ya paja. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini mguu ule haukurudi kuwa mguu wa msituni tena.

Nimeanza na habari hii ili mtu asije akafikiri nitakayoyasema ni mambo ya watu wanaopenda kusugua vyombo vya zamani. Shibri ile moja ilitoka kwenye skrubu.

Hebu nieleze bunduki inavyokaa. Bunduki ya kuwindia ya zamani ina sehemu mbili kubwa: chuma na mti. Chuma ni mtutu pamoja na mtambo, yaani kile kiwiliwili ambamo boliti, ile fimbo ya chuma inayosukuma risasi ndani, huingia na kutoka. Mti ni kipande kimoja kirefu, kwa zile nzuri ni mjozi, kilichochongwa shimo lenye umbo lile lile la chuma. Tunaliita kitanda. Chuma hulala kitandani, na skrubu mbili hupita kutoka chini, zinatoboa mti, zinakamata chuma na kukivuta kikae.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Bunduki ikilipuka, chuma kinataka kurudi nyuma kwa nguvu. Ile .404 inatupa risasi ya gramu 26 hivi kwa mwendo unaozidi mita 600 kwa sekunde, na teke lake unalijua begani. Watu hudhani skrubu ndizo zinazolizuia teke hilo. Si kweli. Chini ya mtambo, upande wa mbele, kuna jino la chuma. Jino hilo linaegemea ukuta wa mti, na ukuta huo ndio unaopokea teke na kulipeleka begani kwako. Kazi ya skrubu ni kulishikilia jino libaki limeegemea ukuta wake, lisipande wala lisicheze. Jino likiwa na nafasi, hata ya unene wa karatasi, kila risasi chuma kinarudi kwanza kikiwa huru, halafu ndipo kinagonga ukuta. Risasi ya kwanza inakiacha hapa, ya pili inakiacha pale. Wewe unalenga pale pale, lakini bunduki haiko pale pale.

Na mti nao unaumia. Kitanda kilichochongwa vizuri huacha mwanya mdogo nyuma ya mkia wa mtambo, ule ulimi wa chuma unaoishia karibu na dole gumba lako. Jino likikosa ukuta, mkia ndio unaogonga mti, na kwa kuwa umechongoka unafanya kazi ya kabari. Ufa unaanzia pale na kushuka kwenye shingo ya kitako. Nimeshika vitako vingi vyenye ufa huo. Wenyewe huniambia ni uzee. Mti hauzeeki kwa kupasuka mahali pamoja.

Mtambo ninaousema sana leo ni wa Paul Mauser, Mjerumani wa Oberndorf, mji ulio kando ya mto Neckar. Jeshi la Ujerumani liliupokea mwaka 1898, na ndiyo maana hadi leo unaitwa Mauser 98. Ulifika kwetu kwa milango miwili. Mmoja ni wa Wajerumani wenyewe: mwaka 1905 fundi wa Berlin aitwaye Otto Bock alitoa risasi ya 9.3x62, iliyokusudiwa iingie katika mtambo wa kawaida wa Mauser, na walowezi wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani wakaichukua kama mkulima anavyochukua jembe. Mlango wa pili ni London, ambako kampuni ya John Rigby ilikuwa wakala wa Mauser, nayo ikajenga juu ya mitambo hiyo bunduki zilizotawanyika kuanzia Nairobi hadi mito ya Kongo. Yule W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, alitumia sana Rigby ya .275, risasi nyembamba ambayo wengine waliiona ya swala. Sisifu mauaji yale. Tembo aliowaua wanazidi elfu moja. Lakini mtu anayemkabili tembo kwa risasi nyembamba kiasi kile, maisha yake yote yamo katika bunduki kurudia mahali pale pale, leo na kesho na mvua ikinyesha.

Mvua. Hapo ndipo kesi ya rafiki yetu ilipoanzia.

Mti ni kiumbe kinachokunywa. Wakati wa masika na vuli unavuta unyevu na kuvimba. Kiangazi unautoa na kusinyaa. Haurefuki kitu cha kusema kwa urefu wake. Unanenepa na kukonda kwa kukata nyuzi zake. Na skrubu hizi mbili zimepita katika upande huo huo wa unene. Chuma cha skrubu kina urefu ule ule Januari na Agosti, lakini mti ulioshikwa kati ya mtambo na kikingio cha triga umebadilika. Bunduki iliyokazwa Tanga, hewa ikiwa imejaa bahari, ukiipeleka Ruaha mwezi wa Septemba, mti unakonda ndani ya mshiko wake na skrubu zinabaki zimeshika hewa. Ile ya kesi yetu ilikwenda kinyume. Ilikazwa Julai, kiangazi, mti umekauka, na ilikazwa mno. Vuli ilipokuja, mti ukataka kunenepa ukakosa pa kwenda.

Mauser alilijua jambo hili. Kwenye tundu la skrubu ya nyuma aliweka kipande kidogo cha bomba la chuma, kimesimama ndani ya mti kama nguzo, mkia wa mtambo juu yake na kikingio cha triga chini yake. Ukikaza, unafika mahali chuma kinagusa nguzo na nguzo inagusa chuma, na mti unabaki umeshikwa bila kusagwa. Ni kitu kisichozidi ncha ya kidole, na nimekikosa katika bunduki nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Mtu alifungua, kikadondoka chini ya meza, akafunga bila kukirudisha. Tangu siku hiyo kila anayekaza anasaga mti.

Lakini nguzo nayo ina hila yake, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini hata ninyi mnaojiona mafundi. Mti wa miaka themanini umekonda. Nguzo haijakonda. Ikifika hatua nguzo imekuwa ndefu kuliko unene wa mti, ukikaza skrubu utasikia imefika, imekuwa ngumu kabisa, kipimo kitakuambia sawa, na kumbe ulichokaza ni chuma kwa chuma. Mti uko pale katikati unacheza. Ushike mtutu kwa mkono mmoja na mti kwa mkono mwingine, uutikise taratibu karibu na mdomo wa mti. Utasikia mgongano mdogo, kama mlango wenye bawaba iliyochoka. Hapo hata ukaze kwa spana ya lori hutatibu kitu. Nguzo inapunguzwa kwa tupa, unywele kwa unywele, au kitanda kinajazwa upya.

Ile .404 nilipoigeuza, kabla sijagusa bisibisi, skrubu zenyewe zilinisimulia. Mafundi wa London wana desturi ya kuhakikisha kwamba skrubu ikishakazwa sawasawa, mfereji wa kichwa chake unalala sambamba na mtutu, mbele na nyuma, kama sindano ya dira. Uzuri upo, na faida ipo: ukitazama tu unajua kama kuna mkono uliopita. Ya mbele ilikuwa imebaki kidogo kufika. Ya nyuma ilikuwa imepita mbali sana, na mfereji wake umetafunwa kingo zote mbili. Hiyo ni alama ya mtu mwenye nguvu na bisibisi isiyo yake.

Tuizungumzie bisibisi. Bisibisi ya dukani, ile ya kufungulia swichi ya ukutani, ncha yake ni kabari: nyembamba mwishoni, nene nyuma. Ikiingia kwenye mfereji inagusa kwenye midomo tu, chini hakuna kitu. Ukizungusha kwa nguvu inapanda juu yenyewe, inatoka, na inapotoka inang'oa mdomo wa mfereji na kuchora mstari kwenye chuma kilichotiwa weusi na mtu aliyekufa zamani. Ncha inayotakiwa ina pande sambamba, inajaza mfereji upana wote na kina chote, isiyumbe hata ukiiachia mkono. Mzee wangu hakununua bisibisi za bunduki. Alichukua za kawaida akazinoa kwa tupa, kila moja kwa skrubu yake, akizijaribu mara kumi, na mipini akaifunga vitambaa vya rangi. Mwaka wangu wa kwanza hakuniruhusu kufungua skrubu hata moja. Nilinoa ncha. Nilikasirika wakati ule, leo namwombea.

Sasa kufunga. Kwanza kabisa, risasi zote nje, boliti nje, na kidole ndani ya chemba. Macho yanadanganyika, kidole hakidanganyiki. Kisha skrubu zinatoka, chuma kinainuliwa kitandani, na hapo unasafisha. Bunduki za zamani zimenyweshwa mafuta kizazi baada ya kizazi, yameshuka mtamboni hadi mtini, na mti uliolowa mafuta hulainika ukawa kama sabuni. Mti wa namna hiyo hauwezi kukazwa, utabonyea tu kila mwaka. Mafuta hayo yanavutwa polepole, kwa chokaa nyeupe ya unga na joto la jua, siku kadhaa.

Halafu unaulizia kitanda kama kinalaza sawa. Njia ya mzee wangu ilikuwa koroboi. Unawasha koroboi, unapitisha tumbo la mtambo juu ya moshi wake hadi lipate weusi mwembamba, unakilaza chuma kitandani, unakibonyeza, unakiinua. Masizi yanakuonyesha panapogusa na pasipogusa. Unataka weusi ukutani nyuma ya jino, upana wote. Unataka weusi chini ya sehemu ya mbele ya mtambo na chini ya mkia. Ukiona nukta moja tu nyeusi katikati, chuma kimekaa kama mbao juu ya jiwe, na ukikaza mbele na nyuma unakipinda. Chuma cha mtambo kinapinda, msidanganywe na unene wake. Kinapinda kidogo tu, lakini boliti inaanza kukwaruza, na mtutu unaelekea mahali pengine.

Kitanda kikikubali, simamisha bunduki. Kitako chini, juu ya gunia lililokunjwa, mdomo wa mtutu ukitazama dari. Usiifunge ikiwa imelala, kwa sababu ikilala jino linakaa popote. Ikisimama, uzito wote wa chuma unalisukuma jino kwenye ukuta wake, mahali pale pale teke litakapolipeleka. Gonga kitako juu ya gunia mara moja mbili, taratibu, kama unavyogonga debe la mahindi yashuke. Kisha ingiza skrubu ya mbele kwa vidole, na ya nyuma kwa vidole. Zote mbili lazima zizunguke bila ubishi hadi zifike. Zikibisha, kuna hesi iliyoharibika au skrubu imevuka hesi, na hesi za Mauser si za kawaida za siku hizi. Usisukumie skrubu ya baiskeli.

Anza na ya mbele. Kuna mafundi wanaoanza nyuma na wana sababu zao, lakini kwa Mauser nasema mbele, kwa sababu skrubu ya mbele inaingia ndani ya lile jino lenyewe. Ukilishika jino kwanza, umeshika moyo wa bunduki. Kaza hadi ishike, nenda nyuma kaza hadi ishike, rudi mbele umalizie, rudi nyuma umalizie.

Umalizie kwa kiasi gani? Hapa ndipo mikono yenye nguvu ilipoharibu bunduki nyingi kuliko kutu. Kwa kitako cha mti kisicho na nguzo za chuma mbele na nyuma, wengi wetu tunakaa kati ya nyutoni-mita 4 na 5. Wamarekani, wanaopima kwa inchi-pauni, husema 35 hadi 45. Kitako kilichowekewa nguzo kamili na gundi ngumu kinaweza kuvumilia 7. Nambari hizi peke yake hazimwambii mtu kitu, kwa hiyo chukua mfano. Funga mpini uliosimama mraba na skrubu, pima sentimita 10 kutoka katikati ya skrubu, ning'iniza hapo kilo 4 za unga. Uzito huo unapovuta, ni karibu nyutoni-mita 4. Umeona ni kidogo? Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kupita hapo bila kukunja uso. Mwenye spana ya kupimia aitumie, ndiyo sahihi zaidi. Asiyekuwa nayo, ile mizani ya ndoana ya wauza samaki, ikivutwa mraba kwenye mpini wa sentimita 10, itamtosha kabisa, nami nimeitumia miaka mingi.

Na usiulazimishe mfereji ulale sambamba na mtutu kama zamani. Mti umebonyea tangu siku alipoupanga fundi wa London. Kipimo kikisema imetosha na mfereji bado umekaa upande, uache ukae upande. Weka alama yako ndogo ya rangi ya kucha, nusu kwenye kichwa cha skrubu, nusu kwenye chuma cha pembeni. Siku skrubu ikisogea, rangi itavunjika na utaona.

Baada ya hapo kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kifaa. Weka kidole pale mti unapoishia, nusu ya kidole juu ya mti, nusu juu ya mtutu. Mwenzako alegeze skrubu ya nyuma taratibu, kisha aikaze tena. Kama kidole hakisikii kitu, chuma kimelala bila kulazimishwa. Ukisikia mtutu unainuka au unashuka, hata kama jicho halioni, kitanda bado kina uongo, na unarudi kwenye koroboi.

Iache usiku mmoja. Kesho pima tena. Mti mara nyingi huwa umekubali kidogo, ongeza mara moja. Kapige risasi kumi kwenye shabaha, pima tena. Basi. Usiwe mtu wa kukaza kila Jumapili, maana kila unapoongeza unasaga nyuzi chache, na zilizosagwa hazirudi. Pima msimu unapobadilika, na ukisafiri kutoka pwani kwenda bara.

Niseme neno dogo juu ya bunduki mbili nyingine, maana najua zipo. Winchester Model 70, ile ambayo Wamarekani walianza kuitoa 1936, ina skrubu tatu chini ya mtambo. Ya mbele na ya nyuma hukazwa kama nilivyosema. Ile ya katikati inashikwa tu isidondoke. Pale katikati chini ya mtambo mara nyingi hakuna kitanda cha kuegemea, ukiikaza kama wenzake unauvuta mtambo kama upinde. Nimeziona Winchester nzuri zikilaumiwa mtutu umechoka, na dawa ilikuwa kulegeza skrubu moja robo mzunguko.

Ya pili ni ile .303, Lee-Enfield, iliyobebwa na askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, na baadaye ikabaki mikononi mwa walinzi na wawindaji wengi. Hiyo mti wake ni vipande viwili, na kitako kimeshikwa na bolti ndefu inayopita ndani yake kutokea nyuma. Ukikuta kitako kinacheza, katika zile za zamani usiingize bisibisi ndefu ukazungusha. Mwisho wa bolti ile ni mraba, umekaa ndani ya kibamba kwenye mti wa mbele. Ukiizungusha mti wa mbele ukiwa bado mahali pake, unaupasua. Toa mti wa mbele kwanza. Nimeurudia ushauri huu mara nyingi na bado kila mwaka unaletwa mti mmoja uliopasuka.

Turudi kwenye .404. Nilipotoa chuma, niliikuta nguzo ya nyuma haipo. Mti chini ya mkia ulikuwa umesagwa hadi kisanduku cha risasi kikawa kinalibeba tumbo la mtambo, kwa hiyo chuma kimesimama juu ya kisanduku na si juu ya kitanda. Ukuta wa jino ulikuwa unang'aa upande mmoja tu. Mtu fulani, miezi minne nyuma, alionyeshwa bunduki inayotawanya risasi, akatibu kwa kukaza. Siku ile kwenye shabaha ilipiga vizuri, maana chuma kilichopindwa kinaweza kutulia mahali pamoja kwa muda. Kisha mvua.

Mwenye bunduki alikaa kwenye benchi langu akaangalia yote hayo. Nilimwonyesha panapostahili nguzo na pasipokuwa na kitu. Akauliza, "Hiki kipande kinagharimu nini?" Nikamwambia, bwana, nakikata kutoka bomba hili hapa, kazi ya asubuhi moja. Akaweka mikono usoni. Sikuongeza neno.

Tulikijaza kitanda, tukaweka nguzo mpya, tukaufunga ufa uliokuwa umeanza shingoni, nikaikaza nyutoni-mita 4 na nusu mbele na nyuma. Alipokuja kuichukua hakuja peke yake. Alikuja na yule mzee msoma nyayo, anatembea kwa mkongojo. Mzee aliomba aonyeshwe. Nikamwambia, "Karibu, mzee wangu, kaa hapa," nikaifungua tena mbele yake, kitu ambacho sifanyi, nikamwonyesha jino na ukuta wake, nikaifunga upya akiwa ameshika mizani ya ndoana yeye mwenyewe. Aliisoma ile mizani kama alivyozoea kusoma ardhi.

Ndugu zangu mnaomiliki bunduki hizi kihalali, mlizorithi kwa baba zenu au mnazozibeba kwa kazi ya ulinzi wa wanyama na mashamba, nina ombi moja. Igeuzeni bunduki leo, mtazame mifereji ya zile skrubu mbili. Ikiwa imetafunwa, msiikaze, ipelekeni kwa fundi anayejua mti. Na mwenye msoma nyayo wake, amwite aje aone bunduki inavyofungwa. Msimu wa uwindaji hapa Tanzania hufunguliwa tarehe 1 Julai.